Juu ya Kuchagua Chuo

Iko shida ya mtu aliyefungiwa mlango, na shida hiyo imeandikwa mara nyingi katika lugha yetu. Iko nyingine ambayo ni ya wachache, na kwa hiyo haiandikwi sana: shida ya kijana aliyefunguliwa milango kadha wa kadha kwa wakati mmoja, akaambiwa aingie mmoja tu, na iliyobaki aifunge kwa mkono wake mwenyewe. Mtu wa namna hii haonewi huruma. Jirani zake husema amebahatika, na kweli amebahatika. Walakini usiku hapati usingizi, mama yake hapati, na ikiwa ana mjomba aliyesoma ng'ambo, mjomba naye hupigiwa simu kabla ya alfajiri. Mimi ni mjomba huyo. Kabla ya kueleza nilivyoijibu simu hiyo, sina budi kueleza mahali nilikopata habari za uchaguzi huu, maana nilidhani nimezipata za kutosha.

Nilikaa Marekani tangu mwaka 2008 hata mwaka 2014, nikisomea shahada ya udaktari na kujilipia masomo kwa kufundisha Kiswahili. Chuo chenyewe kilikuwa katika hesabu ya vile vinavyokataa wengi na kupokea wachache. Kwetu Tanzania mwanafunzi wa kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa, akangoja matokeo, na alama zake humsemea. Kule alama ni sehemu tu ya maneno. Kijana hupeleka maombi angali shuleni, pamoja na barua za walimu wake na insha inayoeleza yeye ni nani, swali ambalo mtu wa miaka 17 hana jawabu lake, na mtu wa miaka arobaini na kitu pia hana. Hupeleka vyuo kumi, kumi na viwili, wengine ishirini. Wako wanaopeleka mapema, wengi wao kwa tarehe 1 Novemba, katika chuo kimoja wanachokipenda kuliko vyote, wakitia sahihi kwamba wakikubaliwa watakwenda huko huko wala hawatatazama pengine. Hao hununua tumaini la kuchaguliwa kwa kuuza haki ya kuchagua. Waliobaki hupeleka maombi mwanzoni mwa Januari, hupata majibu mwishoni mwa Machi, na hutakiwa kutoa neno lao kabla ya tarehe 1 Mei kupita.

Hivyo Aprili kule ni mwezi wa ajabu. Kwa wanafunzi walioingia mwaka 2022, Harvard ilipokea maombi 61,220 ikakubali 1,954 tu. Hata siku ya majibu kijana ni mwombaji na chuo ni mfalme. Kesho yake, ikiwa yumo katika wachache hao, na Yale na Stanford wamemkubali pia, mambo hupinduka. Wafalme huanza kumwandikia barua tamu. Humwalika alale usiku mmoja bwenini, ale mezani na wanafunzi, asikilize mhadhara, arudi kwao amevaa fulana yenye jina la chuo kifuani. Aliyekuwa akiposa sasa anaposwa, na muda wake wa kujibu ni mwezi mmoja.

Darasa langu la mwaka wa kwanza lilikuwa na wanafunzi kumi na wanne. Katika muhula wa pili, walipokwisha kujua wakati uliopita na maneno "kwa sababu", niliwapa zoezi la mazungumzo: kila mmoja asimame aeleze kwa nini alichagua chuo hiki. Nilidhani ni swali lisilo na hatari, kama kuuliza habari za mvua au chakula cha jioni.

Yapasa kukumbuka kwamba kwa Kiingereza vijana hawa walikuwa mafundi wa swali hilo. Walikuwa wameandika insha juu yake tangu sekondari, wengine kwa msaada wa walimu wa kulipwa, na kila insha ilisahihishwa mpaka ikang'aa. Kwa Kiingereza wangalisema habari za nafasi za utafiti, na jumuiya ya wasomi, na walimu mashuhuri. Lakini Kiswahili chao kilikuwa na maneno kama mia nne hivi, na miongoni mwake yalikuwamo kuku, kiti, kesho na ndizi. Hawakuwa na neno la kujificha nyuma yake. Basi walisema waliyoweza kusema, na waliyoweza kusema yalikuwa kweli.

Wa kwanza, kijana mrefu aliyekaa karibu na dirisha, alisema: "Baba yangu alisoma hapa. Baba yake alisoma hapa. Mimi ninasoma hapa." Akakaa. Wa pili alisema: "Chuo kingine kilisema hapana." Msichana mmoja, ambaye hata leo nikimkumbuka namwona jinsi alivyotazama meza, alisema: "Rafiki yangu alitaka chuo hiki. Mimi sikutaka sana. Yeye alikataliwa. Mimi nilikubaliwa. Sasa yeye si rafiki." Mwingine alieleza kwamba siku alipokuja kutazama chuo mvua ilinyesha sana, kwa hiyo alikaa maktaba mchana kutwa, akaipenda maktaba. Mwingine tena, mcheshi wa darasa, alisema: "Nilisema jina la chuo hiki, watu walisema 'ooh'. Nilisema jina la chuo kingine, watu hawakusema 'ooh'."

Wote walicheka, mimi pamoja nao. Nilicheka kicheko cha mwalimu ambaye zoezi lake limefanikiwa kupita alivyotarajia. Sikuwa nimefikiri ningejibu nini kama wangeniuliza mimi.

Aliyesimama mwisho alikuwa msichana mpole kutoka mji mdogo wa magharibi mwa Texas, ambaye kwao hakuna aliyepata kusoma chuo kabla yake. Alisema: "Nilichagua chuo hiki kwa sababu kilikuwa rahisi." Darasa likaangua kicheko, maana walilijua neno hilo kwa maana moja tu, nao walikuwa hawajalala vizuri kwa wiki mbili kwa ajili ya mitihani ya chuo hicho "rahisi". Yeye hakucheka. Alifungua kamusi yake, akatia kidole, akasoma maana ya pili: kisicho ghali. Kicheko kikazidi, kwa sababu gharama za mwaka mmoja pale, ada na chakula na malazi, zilipita dola 50,000. Kisha akaeleza, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa lugha yake. Chuo cha serikali kilicho karibu na kwao kilitaka familia yake itoe maelfu kadha ya dola kila mwaka. Chuo hiki, kilipoona hesabu ya mapato ya mama yake, hakikutaka chochote. Kilikuwa rahisi kuliko vyote alivyoomba. Darasa likanyamaza. Katika kumi na wanne, yeye peke yake ndiye aliyetoa sababu iliyohesabiwa.

Nilivutwa na jambo hili, ijapokuwa halikuwa somo langu, na kwa miaka iliyofuata nilisoma kila nilichoona juu yake. Mengi yaliyoandikwa yanathibitisha darasa langu. Mwaka 2013 wataalamu wanne, Christopher Avery, Mark Glickman, Caroline Hoxby na Andrew Metrick, walichapa uchunguzi juu ya wanafunzi hodari 3,240 wa Marekani na vyuo walivyovichagua. Glickman ni mtu aliyepata kubuni njia ya kuwapima wachezaji wa sataranji, na njia yao ilifanana na hiyo: mwanafunzi aliyekubaliwa na vyuo vinne akaenda kimoja, basi ni kama chuo hicho kimecheza na vitatu na kuvifunga vyote. Walipojumlisha michezo yote, Harvard ilikaa juu. Ni kazi ya akili nyingi na ninaiheshimu. Walakini nina neno moja nalo. Katika sataranji wachezaji hukutana ubaoni, na mshindi ni yule aliyecheza vizuri zaidi. Hapa vyuo havikutana popote. Hukutana kichwani mwa kijana wa miaka 17 au 18 ambaye amelala usiku mmoja katika kila kimoja, na pengine hata usiku huo hakulala. Na yeye, akiwa hana kipimo chake mwenyewe, hutazama wenziwe walichagua nini mwaka uliopita. Hivyo anayeshinda hushinda kwa kuwa alikwisha shinda.

Na ile mvua ya maktaba, je? Mwaka 2010 Uri Simonsohn alitoa uchunguzi juu ya vijana 1,284 waliotembelea chuo kimoja kinachojulikana kwa ugumu wa masomo. Wale waliokuja siku za mawingu walielekea kujiandikisha zaidi kuliko waliokuja siku za jua. Mawingu humfanya mtu aone kwamba kusoma ni jambo la kufaa. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwanafunzi wangu nikatamani kumwandikia, lakini nilikuwa nimekwisha ipoteza anwani yake.

Habari ya fedha ni ya ajabu zaidi. Avery na Hoxby, katika kazi iliyotoka mwaka 2004, walionyesha kwamba wanafunzi hodari huhesabu vizuri kwa sehemu kubwa, lakini wengi huvutwa na vitu visivyo na uzito. Fedha zile zile zikiitwa ruzuku zina mvuto wake. Zikiitwa skolashipu mvuto huongezeka, wala hazikuongezeka hata senti moja. Nani kati yetu atawacheka? Tumeona watu wazima wakikataa mshahara mnono kwa ajili ya cheo kilichoandikwa mlangoni.

Kuhusu msichana wa Texas, Hoxby na Avery walionyesha mwaka 2013 kwamba wengi wa wanafunzi hodari wa nyumba maskini hawaombi kabisa vyuo hivyo vikubwa, ijapokuwa wangevipata kwa gharama ndogo kuliko vyuo wanavyokwenda. Huishi mbali mbali, mmoja hapa mmoja pale, katika shule ambazo hakuna mwalimu aliyesoma huko wala mwenzao aliyetangulia. Huona bei iliyoandikwa wakarudi nyuma. Neno "rahisi" lenye maana ya pili halimo katika kamusi yao.

Je, yafaa nini kwenda chuo chenye jina? Jambo hili limepimwa. Stacy Dale na Alan Krueger, mwaka 2002, waliwatazama watu walioingia vyuoni mwaka 1976. Waliwalinganisha wale waliokubaliwa na vyuo vya namna moja, ambao baadhi yao walikwenda kwenye chuo kikubwa na baadhi wakaenda kwenye kidogo. Miaka mingi baadaye mapato yao yalikuwa karibu sawa. Hodari alibaki hodari kokote alikokwenda. Lakini kulikuwa na tofauti kwa watoto wa nyumba maskini: hao chuo kikubwa kiliwafaa. Mwaka 2023 Raj Chetty, David Deming na John Friedman waliongeza jingine. Kwa wastani, mapato ya waliokwenda katika vyuo vinane vya Ivy League na vinne vilivyo sawa navyo hayakupita sana ya wale waliokwenda katika vyuo bora vya serikali. Lakini nafasi ya kufika kileleni kabisa, katika mtu mmoja wa kila mia kwa mapato, iliongezeka kwa nusu. Maana yake, msomaji, ni kwamba chuo kikubwa hakimtajirishi kila mtu, bali huweka ngazi karibu na ukuta wa wakubwa. Apendaye kupanda ukuta huo ana sababu. Asiyependa, hana.

Haya yote niliyajua. Niliyahadhiri hata mbele ya wenzangu katika chumba cha chai. Ndipo simu ikalia.

Ilikuwa saa tisa usiku, kuamkia tarehe 1 Aprili 2022. "Shikamoo mjomba," alisema mpwa wangu, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyekimbia. Alikuwa amemaliza kidato cha sita Mei 2021, kwa daraja la kwanza, akakaa nyumbani Tanga mwaka mzima akingoja majibu ya Marekani. Nafasi aliyopewa chuo kikuu hapa nyumbani aliiahirisha, jambo ambalo baba yake hakulipenda. Sasa vyuo viwili vilikuwa vimemkubali. Kimoja ni chuo kikubwa, chenye jina ambalo hata utingo wa daladala amelisikia. Cha pili ni chuo kidogo katika nchi ya mashamba ya mahindi, chenye wanafunzi wasiofika elfu mbili, ambacho mimi mwenyewe, niliyekaa huko miaka sita, nilikuwa sijapata kukutana na mtu aliyekitaja zaidi ya mara mbili. Kidogo kilitoa kila kitu: ada, chakula, malazi, hata nauli. Kikubwa kilitoa sehemu kubwa, kikaacha dola 11,000 kwa mwaka zitolewe na familia. Na mgeni hana haki ya kukopa katika mikopo ya serikali ya Marekani.

Nilikwenda Tanga katika kumi la kati la Ramadhani. Baada ya futari tulikaa barazani: dada yangu mkubwa, shemeji yangu aliyestaafu kazi ya bandari, mpwa wangu na mimi. Shemeji alisema neno lake kwanza, kwa ufupi. Alisema chuo cha hapa nyumbani kinatosha, na kwamba mtoto aliye Dar es Salaam anaweza kumfuata kwa basi akiugua. Dada yangu alisema kwamba shamba la minazi la Pangani, alilotuachia marehemu baba, lina mnunuzi.

Hapo nilipaswa kusema hapana. Katika mirathi ile mimi ndiye mwenye nusu, na dada zangu wawili wana robo robo. Bila kauli yangu hauzwi mnazi hata mmoja. Nilijua pia kwamba bei ya shamba zima isingetosha miaka miwili katika minne. Badala yake nilisema kwa kirefu juu ya jina la kile chuo kikubwa. Nilisema milango itakayofunguka. Nilisema kwamba fedha za mwaka wa tatu na wa nne zitapatikana mbele ya safari, maneno ambayo mtu mwenye akili hayasemi juu ya hata safari ya Korogwe. Na juu ya chuo cha hapa nyumbani, mimi ninayepokea mshahara kwa kufundisha watoto wa wenzangu katika chuo kama hicho, sikutia hata neno moja la kukitetea. Shemeji alinitazama. Hakusema kitu, kwa kuwa ni mtu wa adabu, lakini nilielewa.

Mpwa wangu alisubiri nimalize. Kisha akasema: "Samahani mjomba. Na wewe ulichaguaje?"

Ninalo jawabu la swali hilo. Nimelitoa kwa wanafunzi, kwa jamaa na kwa wageni wa idara kwa miaka mingi: nilisoma kazi za mwalimu fulani wa isimu, nikavutwa na fikira zake, nikaamua kumfuata alipo. Nikaanza kulisema. Nilipofika kwa mwalimu wa isimu nikamwona yule msichana wa Texas na kidole chake juu ya kamusi, na ulimi ukawa mzito. Nikasema kama ilivyokuwa. Niliomba vyuo vinne. Viwili vilinikataa. Kimoja, kikubwa kuliko vyote, kilinikubali bila fedha, nami sikuwa nazo. Cha nne kilikuwa na upungufu wa mwalimu wa Kiswahili. Vitabu vya yule mwalimu wa isimu nilivisoma nilipokwisha fika. Sikuchagua.

"Kumbe, mjomba," alisema, basi. Dada yangu aliinuka kwenda kutazama chai ambayo haikuhitaji kutazamwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwahadithia watu habari ya ndugu yake na mwalimu wa isimu.

Ilionekana baadaye kwamba binti alikuwa amekwisha fanya uchunguzi wake, tena katika jambo ambalo sikuliona katika kazi yoyote ya wachumi wale. Aliviandikia vyuo vyote viwili swali moja: mwanafunzi asiyekuwa na nauli ya kurudi kwao likizo ya Desemba hulala wapi, na hula wapi jiko la chuo likifungwa? Mimi ningalipaswa kulijua swali hilo, maana Desemba yangu ya kwanza kule nilikula mkate na siagi ya karanga kwa siku kumi na moja katika jengo lisilokuwa na mtu. Nilikuwa nimeisahau habari hiyo, au nilikuwa nimeifunika na mwalimu wa isimu. Chuo kikubwa kilimpelekea shukrani kwa kuandika na kurasa za maelezo ya jumla. Chuo kidogo kilijibu siku ya pili: bweni fulani hubaki wazi, liko jiko ambalo wanafunzi hujipikia, na kuna familia za mjini zinazowaalika wageni. Kikamwunganisha na msichana wa Kenya wa mwaka wa tatu, ambaye alimwambia mambo mawili: kwamba Januari huko humliza mtu, na kwamba joto la bwenini hufanya kazi.

Sisemi kwamba jibu la barua moja ni kipimo cha chuo. Chuo kikubwa kina mambo mengi, na karani aliyeshindwa kujibu swali si maktaba wala maabara. Ninasema tu kwamba katika wote waliosema chini ya baraza ile, pamoja na mwenye shahada ya udaktari, aliyeuliza juu ya chakula alikuwa mmoja.

Tarehe 1 Mei mwaka huo iliangukia Jumapili, katika siku za mwisho za mfungo. Alijibu mapema kuliko hapo, tarehe 24 Aprili, bila kutuita. Alikwenda chuo kidogo. Minazi ya Pangani ipo. Januari ilimliza kama alivyoambiwa, na majira ya kwanza ya kuchipua aliniandikia kwamba kuna siku huketi akajiuliza angekuwa mtu gani katika chuo kile kingine. Sikujua la kumjibu, nikamwuliza habari za masomo. Alikuwa amekwenda kusomea biolojia kwa nia ya udaktari wa watu. Mwaka wa pili akahamia somo la udongo, na baba yake, ambaye hakupata kulima, anasema ndilo somo la maana. Wapo watakaosema kwamba chuo kikubwa kisingemruhusu kupotea njia hivyo. Huenda. Wapo watakaosema kwamba hakupotea.

Barua ya chuo kikubwa ilikuja kwa simu, kama barua zote siku hizi. Dada yangu aliipeleka steshenari ikachapwa kwa rangi, akaitia katika mfuko wa plastiki, akaiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na hati ya shamba. Mgeni akija huitoa. Zamani nilimwona kama mtu anayehifadhi posa ya mchumba aliyekataliwa, na nilipata kumtania kwa hilo.

Desemba 2024 nilikuwa katika arusi moja Dar es Salaam. Mzee mmoja niliyekaa naye meza moja aliniuliza mpwa wangu yuko chuo gani huko Marekani. Nilimtajia kwanza jina la chuo kilichomkubali asiende. Mzee akasema "Lo!", akaniwekea mkono begani. Baada ya hapo nikamtajia chuo alichomo, naye akaniomba nilirudie jina hilo, maana ngoma zilikuwa zimeanza kupigwa.